Mama anatapika baada ya kemo

Pole sana, dada. Umesema mama katundikiwa dripu ya kwanza ya kemo (dawa za saratani) ya titi juzi, na sasa hata uji haukai tumboni. Mimi nilizipitia dripu sita pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Dawa za kuzuia kutapika anywe kwa saa zake, asingoje kichefuchefu kianze. Zikishindwa, rudini kwa daktari awabadilishie, zipo nyingine. Uji uwe mwepesi, usiwe wa moto, vijiko vichache vichache. Mkojo mwekundu siku ya kwanza usiwatishe, kama alipewa ile dawa nyekundu ni rangi yake tu. Ila homa! Ikifika nyuzi 38, hata iwe saa nane usiku, hospitali; msimpe panadol mkasubiri kupambazuke. Na majani ya mstafeli mtakayoletewa na majirani kama dawa (yataletwa tu), muulizeni daktari kwanza.