Kila tangazo la kazi ya TEHAMA linataka uzoefu, nifanyeje?

SWALI: Nimehitimu stashahada ya TEHAMA mwaka jana, naishi Morogoro. Nimeomba kazi zaidi ya 40 sijaitwa, kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Field (mafunzo kwa vitendo) nilifanya halmashauri miezi miwili, nikirekebisha printa na kompyuta tu. Nilipie cheti kingine? Na kuna ofisi inataka nijitolee bila mshahara, nikubali?

JIBU: Mdogo wangu, hilo neno "tu" ndilo linalokuangusha. Kazi ya kwanza katika fani yetu ni hiyohiyo: printa imegoma, mtu kasahau nywila, mtandao umekata. Wewe umeshaifanya miezi miwili, halafu kwenye CV umeificha.

Nimekaa upande wa wasaili mara kadhaa, na swali ninalolipenda ni hili: mhasibu amepiga simu, kompyuta yake haipati intaneti, unaanzia wapi? Wengi hujibu "nitaizima na kuiwasha". Ninachosikiliza ni jinsi mtu anavyolisaka tatizo. Uliza kwanza kama ni yeye peke yake au ofisi nzima. Angalia waya, na taa ya pale unapochomekwa. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, uandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na DHCP, yaani huduma inayogawa anwani za mtandao, kwa hiyo usihangaike na kivinjari. Kama anwani ni sahihi, piga ping (amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu) kwa ruta, halafu kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Hiyo ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, mshuku DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Anayenieleza hivyo kwa utulivu, hata asipofika mwisho, namwekea alama mbele ya mwenye vyeti vitatu.

Utulivu huo unatokana na mazoezi, na mazoezi hayahitaji ofisi. Ukipata kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, ni ya bure. Ndani yake weka Windows Server, Windows ya kuendeshea seva za ofisi, toleo la majaribio, ambayo Microsoft inaitoa kwa siku 180. Tengeneza watumiaji, gawa mafolda, washa DHCP, halafu ivuruge kwa makusudi na uirudishe. Kwa ruta na swichi tumia Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mtandao, nayo ni bure. Kila hitilafu iandike daftarini: dalili, ulichokagua, chanzo, ulivyotatua. Daftari hilo lisome usiku wa kuamkia usaili.

Sasa rudi kwenye CV. Futa "nina ujuzi mzuri wa kompyuta". Andika idadi ya kompyuta ulizohudumia, ulizibadilisha nini, na printa ngapi uliziunganisha kwenye mtandao. Ukweli mtupu, kwa sababu tutakuuliza. Na tangazo likisema miaka miwili, kama kazi zenyewe unaziweza, omba.

Cheti? Bado. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ni takriban dola 300 za Marekani, na CompTIA A+, cheti cha ufundi wa kompyuta, ina mitihani miwili inayolipiwa kila mmoja peke yake. Soma mtaala wa cheti unachokitaka sasa, ulipie mtihani ukishapata kipato. Naumia ninapoona mzazi anauza shamba kwa ajili ya mtihani ambao mtoto hajajiandaa nao.

Serikalini, jisajili kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira na uwe na namba ya NIDA. Jiandae na usaili wa mchujo, ambao mara nyingi ni wa kuandika. Mtu yeyote atakayekuomba hela ili "akuingize", huyo ni tapeli, mkimbie.

Kuhusu kujitolea: kubali kama kuna fundi mzoefu utakayekaa naye. Ofisi isiyo na mtu wa kukufundisha itakupa funguo za stoo na kazi ya kubeba makasha. Omba barua inayotaja miezi mitatu, nauli ya kila siku, na majukumu yako. Wakikataa kuandika barua hiyo, usiende.