"Nakula vile vile, mbona nanenepa?" Maswali yenu kuhusu kilo za ukubwani

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wa miaka arobaini kwenda hamsini na kitu wanasema hawajabadilisha chochote kwenye kula yao lakini nguo za mwaka juzi hazifungi. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama wa miaka 47. Tangu nilipofika 38 hivi naongezeka kama kilo moja kila mwaka, sio ghafla, yaani wala sikustuka mpaka juzi nimepimwa kliniki nikaambiwa nina kilo 79 wakati mi nilizoea 70. Nakula vile vile kama zamani, naapa. Kila mtu ananiambia ndo umri huo, mwili umeshazima, nikubali tu. Hedhi nayo imeanza kuruka miezi. Mwaka jana niliacha kabisa kula usiku nikapungua kilo tatu, nilipoanza tena kula zikarudi zote. Ni kweli nikubali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikubali. Na hilo la mwili kuzima tulimalize kwanza manake limewakatisha tamaa watu wengi mno. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku nane mpaka mzee wa miaka 95, wakaangalia kila mwili unachoma nishati kiasi gani kwa siku. Walipoweka pembeni tofauti za ukubwa wa miili na misuli, wakakuta kuanzia miaka 20 mpaka 60 uchomaji uko pale pale, haushuki. Baada ya 60 ndo unaanza kushuka, tena taratibu, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Wewe una 47, mwili wako haujazima.

Sasa kilo 9 zimetoka wapi? Cha kwanza ni misuli. Kuanzia miaka thelathini na kitu mtu asiyeitumikisha anapoteza kama asilimia 3 mpaka 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na hapo mizani haikwambii kitu kwa sababu misuli inatoka na mafuta yanaingia mahali pake. Cha pili ni kutembea tembea, na hiki watu wanakisahau kabisa, mtoto akiwa mdogo unamkimbiza kutwa nzima, akikua unakaa, kazini umepanda cheo kwa hiyo sa hivi wengine ndo wanahangaika wewe uko kwenye kiti, hakuna siku hata moja uliyoamua kuacha kutembea ila ukijumlisha mwaka ni saa nyingi sana. Usingizi nao umepungua, nitarudi hapo.

Na hedhi? Ina mchango wake ila sio ule watu wanaousema. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikianza kushuka mafuta yanahama makazi, yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga na mapaja yanaanza kwenda tumboni. Kilo zenyewe zinatokana zaidi na umri na mwenendo, ila mahali zinapokaa hapo ndo homoni inaamua. Ndo maana unaweza ukaona umebadilika umbo kuliko mizani inavyosema.

Hilo la kula vile vile nakuamini kabisa, lakini ngoja nikupigie hesabu uone. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Kevin Hall wa Marekani walitoa kwenye jarida la Lancet hesabu ambayo mi naiona ni ya msaada kuliko nyingi: ukibadilisha kula yako kwa kama kalori 24 tu kwa siku, ukabaki hivyo hivyo moja kwa moja, uzito wako mwishowe utabadilika kwa kama kilo moja, nusu yake ndani ya mwaka mmoja na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Chukua kilo zako 9, zidisha, inakuja kama kalori 215 kwa siku. Hiyo ni soda moja ya nusu lita. Au ni vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia, ambavyo ukivimimina kwenye sufuria hata hujui kama vimeingia. Kwa hiyo macho yako yanasema kweli, sahani ni ile ile, ila mwili unahitaji kidogo kuliko ulipokuwa na misuli zaidi na mizunguko zaidi, na tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuiona.

Hesabu hiyo hiyo inakujibu kwa nini kilo tatu zilirudi. Hukushindwa. Uliondoa mlo mzima, njaa ikakubana, ukaurudisha mlo mzima, mwili nao ukarudi ulipokuwa. Ndo maana mi sipendi kabisa diet za wiki mbili wiki tatu, zinamfanya mtu aamini yeye ndo dhaifu wakati kilichokuwa dhaifu ni mpango. Tafuta badiliko ambalo unaweza kukaa nalo mpaka una miaka 70, hata kama ni dogo, na ujue mbele ya safari uzito utasimama, sio kwamba mwili umegoma, ni kwamba hilo badiliko limeshamaliza kazi yake na ukitaka zaidi unaongeza lingine.

Ningekuwa wewe ningeanza na vya kunywa. Soda, juisi hata ile ya kukamua nyumbani, chai yenye sukari nyingi, hivi vinaingia kalori bila kukushibisha kwa hiyo ukivitoa hutaumia njaa. Halafu kila mlo uwe na kitu cha protini, maharage, mayai, samaki, maziwa, nyama isiyo na mafuta, chochote unachokimudu, kwa sababu inashibisha na inalinda misuli. Wanga usiufute, upunguze mkono mmoja na nafasi yake ijae mboga. Na vyakula vya pakiti vya kiwandani, biskuti, soseji, chipsi za paketi, viwe vya siku moja moja. Huyo huyo Hall mwaka 2019 aliwaweka watu 20 kwenye wodi wakala chakula cha kiwandani wiki mbili na chakula cha kawaida wiki mbili, wale wanavyotaka, vyakula vyenyewe vilipangwa viwe na sukari, mafuta na protini sawa, na bado kwenye wiki za kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, bila kuambiwa na mtu.

Kwenye mazoezi wanawake wengi wanatembea tu. Kutembea ni kuzuri sana, Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo, lakini muongozo huo huo wa 2020 unasema pia misuli ifanyishwe kazi angalau siku mbili kwa wiki, na hicho kipande ndo kila mtu anakiruka. Huhitaji gym. Kaa kwenye kiti usimame bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Simama umbali wa hatua moja toka ukutani, weka viganja, jisukume. Nyanyua chupa za maji. Likizoeleka ongeza uzito au ongeza mara, kwa sababu misuli ikizoea haikui tena.

Halafu usingizi, nilikuahidi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa watu 80 wenye uzito mkubwa waliokuwa wanalala chini ya saa sita na nusu, wote wadogo kwako kiumri. Waliosaidiwa kulala zaidi waliongeza kama saa moja na kitu kila usiku, na hawakuambiwa wale nini. Wakajikuta wanakula kama kalori 270 pungufu kwa siku ukilinganisha na wale wengine. Ona namba hiyo, halafu rudi kwenye zile 215 zako. Kama jasho la usiku na joto la ghafla ndo linakuamsha usivumilie tu, mwambie dokta, yana matibabu.

Wala usilenge 70 sa hivi. Asilimia 5 ya uzito wako ni kama kilo 4, na hizo peke yake zinaweza kushusha presha na sukari. Ukifika hapo kaa miezi kadhaa, mwili uzoee, halafu uamue.

SWALI: Habari za kazi dada. Nina miaka 53, mwanaume. Kilo zangu hazijaongezeka sana ila tumbo ndo limetoka mbele, mikono na miguu inazidi kuwa myembamba. Napiga sit up kila asubuhi halipungui. Mke wangu analalamika nakoroma mpaka namwamsha, na mchana nasinzia nikiwa kazini. Jioni huwa napata bia zangu mbili tatu. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Weka mizani pembeni kwanza, tafuta futi kamba. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usilivute tumbo ndani. Kwa mwanaume Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari inaanza kupanda ukipita sentimita 94 na inapanda sana ukipita 102. Kwa wanawake ni 80 na 88. Kuna na njia nyepesi ambayo mi naipenda zaidi, kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndo yanayosumbua sukari na moyo kuliko ya chini ya ngozi, kwa hiyo mtu wa kilo za kawaida mwenye tumbo hana sababu ya kujiona salama.

Sit up zinaimarisha msuli wa tumbo, ila mafuta yaliyo juu yake na ndani yake haziyagusi. Mwili hautoi mafuta pale unapopafanyisha kazi, unatoa kwa mpango wake. Bahati nzuri ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo ni mepesi kuitikia mwendo, kwa hiyo ule muda wa sit up ufanye wa kutembea kwa kasi, na siku mbili tatu kwa wiki fanya miguu, mgongo na mikono, manake unaponiambia mikono inazidi kuwa myembamba unaniambia misuli inaondoka.

Bia, kaka yangu. Gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu sawa na mafuta ambayo yana 9. Na mwili ukipata pombe unaishughulikia hiyo kwanza, mafuta yanasubiri. Bia tatu kila jioni ni kalori nyingi sana kwa wiki. Sikwambii uache kama huwezi, ila anza na siku nne kavu kwa wiki, halafu pima kiuno baada ya miezi mitatu.

Kukoroma na kusinzia mchana usikuchukulie ni uchovu. Inaweza kuwa pumzi inakatika usingizini, na hiyo inapandisha presha. Muulize mke wako kama kuna wakati unanyamaza ghafla halafu unashtuka unavuta hewa kwa nguvu, akisema ndio nenda hospitali wiki hii, na hukohuko pima presha na sukari. Ukikutwa sukari iko mpakani, yaani imepanda ila bado sio kisukari, usikate tamaa hata kidogo, Marekani kuna utafiti uliotoka mwaka 2002 wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa hapo mpakani, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi walipata faida kubwa kuliko vijana, asilimia 71.

SWALI: Mimi nimeanza kunenepa baada ya kuanzishiwa dawa, nataka kuziacha. Miaka 44.

JIBU: Usiziache mwenyewe, tafadhali. Ni kweli zipo dawa zinazoongeza uzito, prednisolone, insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, baadhi ya dawa za sonona na za magonjwa ya akili, hata sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya watu. Lakini prednisolone ukiitumia muda mrefu halafu ukaikata ghafla unaweza kuanguka vibaya, na za akili zikikatwa ugonjwa unarudi kwa nguvu. Nenda kwa aliyekuandikia, mwambie nimeongezeka kilo kadhaa tangu tarehe fulani, kuna mbadala? Mara nyingi upo. Ukiwa huko omba upimwe na tezi ya shingo hasa kama unasikia baridi kuliko wenzako, ngozi imekauka na choo kigumu. Na kama uzito umepanda ndani ya siku chache, miguu imevimba na unakosa pumzi ukilala chali, hiyo sio mafuta, ni maji, usisubiri kesho.

SWALI: Dada vipi zile sindano za kupunguza mwili? Na chai za kukata tumbo? Niko na 50, kilo 104, nina presha.

JIBU: Chai nyingi za hivyo zinakuharisha tu. Unachokiona kimepungua kwenye mizani ni maji na choo, mafuta yako palepale, na kwa mtu wa presha kupoteza maji na chumvi hovyo ni hatari.

Sindano ni habari nyingine, zinafanya kazi kweli. Semaglutide, moja ya sindano hizo, kwenye utafiti wake mkubwa ilishusha kama asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na kwa kilo 104 na presha wewe ni mtu ambaye dokta anaweza kuzifikiria, wala usione aibu kuuliza. Ila ujue mawili. Walipoacha sindano, ndani ya mwaka walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza, kwa hiyo jiulize mapema kama utaweza kuigharamia kwa muda mrefu. Na pamoja na mafuta misuli nayo inaondoka, kwa hiyo protini na yale mazoezi ya kunyanyua bado yanakuhusu. Usinunue mtandaoni wala kwa mtu wa saluni, mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutide feki. Ukienda kwa dokta mwambie kama umewahi kuugua kongosho au kuna mtu kwenye familia aliyeugua saratani ya tezi ya shingo, na mpelekee orodha ya dawa zako zote za presha, kwa sababu uzito ukishuka na presha inaweza kushuka nayo, dozi ikahitaji kupunguzwa.