Jeli ya mchaichai na mapera, na kipimajoto kilichoniponza

Mchaichai wangu umeota karibu na bomba la maji nyuma ya nyumba, hapa Nakuru, na mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo unafunika njia. Kwa chai peke yake hatuumalizi. Ndipo nikaanza kuupikia jeli, na sufuria ya kwanza ikaharibika kabisa: ilikuwa ngumu kama tofi, kijiko kikasimama wima ndani ya chupa.

Kosa lilikuwa hili. Maelekezo niliyofuata yalitaka nichemshe hadi nyuzi 104. Hiyo ni sawa kwa mtu wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94. Jeli huwa tayari inapopita joto la maji yanayochemka kwa nyuzi 4 au 5, maana hapo sukari imekolea vya kutosha. Yangu ilishaiva kwenye 98, nami nikaendelea kuikausha nikingoja 104. Dada yangu yuko Kisumu, mita 1,130 hivi. Maji yake huchemka kwenye 96, kwa hiyo huipua kwenye 100 au 101. Kabla hujaanza, chemsha maji matupu, soma kipimajoto chako, kisha ongeza 4.

Huna kipimajoto? Weka kisahani kwenye friza. Ipua sufuria, dondosha jeli kidogo juu ya kisahani, subiri dakika moja, isukume kwa kidole. Ngozi ya juu ikijikunja, imeiva.

Jambo la pili ni kwamba chai ya mchaichai haina pektini, kile kitu cha ndani ya matunda kinachogandisha jeli, na bila pektini jeli haigandi hata uichemshe hadi usiku. Mimi huitoa kwenye mapera. Chagua yaliyokomaa lakini bado magumu, kwa sababu yakilainika sana pektini yake hupungua. Yakate, yafunike kwa maji, yachemshe polepole nusu saa, halafu yamimine kwenye kitambaa safi cha pamba yadondoke usiku kucha. Tafadhali usikamue. Najua mkono utakuwasha ukiona matone yanavyokawia, lakini ukikamua jeli haitakuwa angavu, na uzuri wake ni kuona mwanga ukipita ndani ya chupa.

Chai iwe nzito kuliko ya kunywa, kwa kuwa sukari na moto hupunguza ladha. Mimi hukata mashina 10 ya mchaichai, nayaponda sehemu nyeupe kwa mchi, nachemsha dakika 10 kwa vikombe 2 vya maji, kisha nafunika hadi yapoe. Ukitaka mnanaa, usiuchemshe; utie baada ya kuipua chai, ufunike.

Kipimo changu: maji ya mapera vikombe 2, chai kikombe 1, maji ya ndimu vijiko vikubwa 3, sukari vikombe 2 na nusu. Ndimu usiiache, pektini inahitaji uchachu ili ishike. Tumia sufuria kubwa, maana povu hupanda ghafla, na usipike maradufu kwa mara moja. Sufuria iliyojaa huchukua muda mrefu na harufu ya mchaichai yote huishia hewani.

Mimina ikiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa, acha nafasi ya nusu sentimita juu, funga kwa vifuniko vipya. Kisha zichemshe zikiwa zimezama kwenye maji, kitambaa kikiwa chini yake: Kisumu dakika 10, Nakuru 15, kwa sababu maji yetu hayana joto la kutosha.

Usiziguse hadi kesho yake. Zikiwa bado ni majimaji, ngoja siku moja zaidi kabla ya kurudisha jikoni. Iliyokataa kabisa kuganda, sisi huitia kijiko kimoja kwenye uji wa wimbi.