Maswali na Majibu: Baga, Mbavu na Bili ya Jumapili

Barua nyingi safari hii zinatoka kwa familia zilizokula kwenye mikahawa ya mtindo wa Kimarekani ndani ya majumba ya maduka, Kisumu na Nakuru, zikarudi nyumbani zikinung'unika. Malalamiko mengi yangeisha kwa kumuuliza weita swali moja kabla ya kuagiza.

Tuko saba, watoto watatu. Huagiza sahani saba, nusu inabaki na bili inatuumiza. Tufanyeje? (Kondele, Kisumu)

Acheni kuagiza kwa kuhesabu vichwa. Sahani ya Kimarekani hupakuliwa kwa mtu mmoja mwenye njaa kali, na mbavu au baga kwa kawaida huja na chipsi zake. Hapo ndipo watu hukosea: wanaongeza chipsi kubwa mbili "za watoto", halafu meza inajaa chipsi zinazopoa.

Anzeni na sahani nne. Mbavu nzima moja (huwa na mifupa 10 hadi 13), kuku wa vipande, na baga mbili zikatwe katikati huko huko jikoni, maana kisu cha mezani huuponda mkate. Ombeni sahani tupu saba. Kuleni, mpumzike dakika 20, ndipo muongeze kama bado kuna njaa. Chakula cha watoto kitangulie. Mtoto anayengoja sana hujaza tumbo kwa soda, na sahani yake ikifika haigusi.

Gramu zilizoandikwa kwenye menyu ni za nyama mbichi. Baga ya gramu 200 ikitoka motoni hubaki karibu 150, kwa hivyo msigombane na weita kuhusu hilo. Barafu ndiyo ya kuulizia: bilauri ikijaa barafu, soda yenyewe ni kidogo mno. Semeni "barafu kidogo". Na kujaziwa soda bure ni desturi ya Marekani; huku ulizeni kwanza, kwa sababu mara nyingi kila bilauri huhesabiwa.

Bili yangu ilikuwa na asilimia 16 na asilimia 2 chini yake. Nimelipishwa mara mbili? (Section 58, Nakuru)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado linaletwa bila mtu kujumlisha bei. Asilimia 16 ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 2 ni tozo ya utalii. Menyu ikisema bei zinajumuisha kodi, mchanganuo ule wa chini unakuonyesha tu kilichomo ndani. Chukua bili ya shilingi 4,720: chakula 4,000, VAT 640, tozo 80. Jumlisha bei za menyu. Zikifika 4,720, hukuibiwa. Zikifika 4,000 na menyu haikusema kodi ni juu yako, itisha meneja kabla hujalipa. Ada ya huduma ni kitu kingine kabisa, nayo iulize mapema.

Onyo ambalo hukuliomba: lipa kwa till ya mkahawa (namba yake ya biashara ya kupokea malipo ya simu), na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii, till inasumbua", kataa. Fedha ikishaingia kwenye simu ya mtu binafsi, bili yako kwenye mashine bado haijalipwa.

Sisi ni Waislamu. Tukiagiza baga ya ng'ombe tuko salama? (Kakamega)

Jina la baga halitoshi. Uliza mambo manne. Je, ina bekoni? Ikiwa haikuandikwa kuwa ni ya ng'ombe, chukulia ni nguruwe. Je, mbavu za nguruwe huchomwa kwenye bamba hilo hilo? Je, mafuta ya chipsi ndiyo yanayokaangia soseji za nguruwe? Na sosi ya mbavu, ina wiski? Baadhi ya sosi za Kimarekani hupikwa kwa bourbon. Kibandiko cha halali mlangoni kisikutoshe. Omba kuona cheti, na uhakikishe ni cha tawi hilo. Ndugu zetu Waadventista wanaoepuka nguruwe, maswali ni yale yale.

Baga ya mtoto ilikuwa na wekundu katikati. Weita alisema ndivyo huliwa Marekani. (Milimani, Kisumu)

Rudisha. Steki inaweza kuliwa ikiwa nyekundu ndani kwa sababu vijidudu hukaa juu ya nyama, na moto huviua. Nyama ikisagwa, cha juu kinaingia katikati. Huko huko Marekani, mwongozo wa serikali unataka nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Dai sahani mpya na mkate mpya, kwani ule wa kwanza umeshanyonya maji ya nyama mbichi.

Mtoto wa miezi tisa anaweza kulamba sosi ya asali? (Bungoma)

Hapana. Asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo, hata ikiwa ndani ya sosi. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu. Na kwa wakubwa wake walio chini ya miaka minne, soseji ikatwe kwa urefu, kisha vipande vidogo. Vipande vya duara huziba koo.

Chipsi za kubeba hulainika kabla sijafika nyumbani. (Bungoma)

Mvuke. Boksi likifungwa chipsi zikiwa moto, zinajipika upya kwa maji yao. Acha kifuniko wazi, tenga na nyama, sosi kando. Nyumbani zitandaze kwenye kikaango kikavu, bila kuzirundika, uzigeuze mpaka zikauke. Lakini kuku na kabeji ya mayonezi visikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Kutoka Kisumu, ukingoja matatu ijae, muda huo umekwisha. Kula huko huko.

Tunaweza kuleta keki yetu ya bathdei? (Nakuru)

Piga simu siku moja kabla. Mikahawa mingine hutoza ada ya kuikata.

Tipu ni lazima? (Kisumu)

Si lazima. Marekani hutoa asilimia 15 hadi 20 kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu weita alipwe dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, tipu ijazie. Huku hatuna mpango huo. Lakini kama watoto wamemwaga sosi sakafuni na weita akapangusa mara tatu, mpe, na umpe mkononi.