Ukisoma usafirishaji wa protini, anza na mkunjo

Wengi ninaowasaidia kwenye somo hili huanza kwa kukariri majina ya mashine za seli zinazopeleka na kupitisha protini: TOM, TIM, SRP, Sec61. Mtihani ukikaribia, yote yameshachanganyika. Mimi huwaambia wayaweke kando kwanza. Chukua protini moja, ujiulize: inapofika kwenye utando wa sehemu ya seli inakokwenda, imeshajikunja au bado ni uzi ulionyooka? Ukipata jibu, mengine mengi yanafuata yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni insulini. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikianza kuiunda, asidi amino 24 za mwanzo ndizo ishara yake, yaani anwani ya inakopelekwa, na sehemu yake ya kati haipatani na maji. SRP, chembe inayotambua ishara, huidaka ishara hiyo ikiwa ndiyo kwanza inachomoza, ikapunguza kasi ya ribosomu na kuipeleka hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli. Hapo uzi hupenya kwenye tundu la Sec61 huku bado unaundwa, kwa hiyo haupati nafasi ya kujikunja nje. Upande wa ndani kimeng'enya hukata zile 24, na mnyororo wa asidi amino 110 hubaki na 86. Baadaye hukatwa tena, zikabaki 51: hiyo ndiyo insulini. Chora hatua hizi kwa mkono, namba zikiwa pembeni. (Günter Blobel alipata Nobeli mwaka 1999 kwa kazi ya ishara hizi. Wazo lenyewe yeye na David Sabatini walilitoa tangu 1971.)

Kwenye mitokondria mambo ni tofauti. Protini nyingi huko hufika zikiwa zimeshamaliza kuundwa, ila protini wasaidizi kama Hsp70 huzizuia zisijikunje. Ishara ya protini hizo ina chaji chanya na ndani ya mitokondria ni hasi, hivyo huvutwa. Mchoro wenye alama za + na − utakufaa kuliko aya ndefu za kitabu.

Peroksisomu, kifuko kingine kidogo ndani ya seli, kwa upande wake hupokea hata protini iliyokwisha kujikunja. Usiipitishe kanuni ya mitokondria huko.

Ukitaka kujipima, tumia jaribio la Martin Eilers na Gottfried Schatz la 1986. Walibandika ishara ya mitokondria kwenye kimeng'enya cha DHFR, nacho kikaingia. Walipoongeza methotreksati, dawa inayokikaza kisikunjuke, kikakwama nje. Funika kitabu, ueleze kwa nini.