Chupa kupasuka kwenye friza

Dada, friza yako haina tatizo. Umesema ulijaza maji chupa za kioo mpaka shingoni, ukafunga vizibo, na asubuhi ukakuta mbili zimepasuka. Hayo ni maji yenyewe.

Vitu vingi vikiganda husinyaa, lakini maji hutanuka. Molekuli zake hujipanga kwa pembe sita na kuacha uwazi katikati, hivyo lita 1 ya maji hutoa barafu ya karibu lita 1.09. Maji ya shingoni yakiwahi kuganda, yanakuwa kizibo cha pili. Yaliyobaki chini hayana pa kutanukia, na kioo hakivutiki. Hamia chupa za plastiki, na uache wazi walau sehemu moja ya kumi. (Tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya barafu ielee, na samaki wa maziwa ya Ulaya wapone majira ya baridi chini yake, kwenye maji ya nyuzi 4 hivi.)

Umeuliza pia kama kwenye deli (sanduku la kutunzia ubaridi) la samaki uweke barafu au maji baridi: weka barafu, wala usisumbuke na maji baridi matupu. Kilo 1 ya barafu, kwa kuyeyuka tu, hunyonya joto la kutosha kupandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ila iponde. Vipande vikubwa hugusa samaki sehemu chache tu. Tandaza barafu chini, panga samaki, funika tena, na deli liwe na tundu la kutolea maji machafu.