Barua kwa mwanangu: Vitellius ni kabati tu

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini utenzi wa Beowulf hutajwa kwa namba ya Cotton Vitellius A.xv, na Kaisari wa Roma ameingiaje kwenye utenzi wa Kiingereza cha kale. Hakuingia. Hiyo ni anwani ya kabati.

Sir Robert Cotton (1571–1631) alikuwa mwenye mashamba wa Huntingdonshire, mwanafunzi wa mwanahistoria William Camden, tena mbunge. Nyumbani kwake Westminster, ubavuni mwa Bunge, alikuwa na chumba chembamba cha vitabu. Makabati yake yalipewa majina ya sanamu za vichwa zilizokuwa juu yake: Makaisari 12, pamoja na Cleopatra na Faustina. Herufi ni rafu, ukihesabu kutoka juu. Namba ya Kirumi ni nafasi ya kitabu kwenye rafu hiyo. Basi A.xv ni rafu ya juu kabisa, kitabu cha 15. Injili za Lindisfarne, muswada maarufu wa Injili nne, ni Nero D.iv: rafu ya nne, kitabu cha nne. Usishangae ukikuta nakala moja ya Magna Carta, mkataba wa mfalme wa Uingereza na mabwana wake wa 1215, ni Augustus ii.106, bila herufi. Kabati hilo lilikuwa na utaratibu wake.

Ukifungua A.xv ukurasa wa kwanza hutaiona Beowulf. Muswada wake umejalidiwa pamoja na mwingine wa karne ya 12, kwa hiyo utenzi unaanza karatasi ya 129 kwa hesabu ya zamani, au 132 kwa hesabu mpya. Ukinukuu, taja hesabu uliyoifuata, la sivyo msomaji atapotea.

Siasa je? Enzi zile, mfalme na Bunge walipogombana, mwenye hati ya kale ndiye aliyekuwa na hoja. Cotton aliwaazimisha watu hati kwa mkono mwepesi, mwanasheria na mbunge John Selden akiwamo. Mwaka 1629 kijitabu cha kumshauri mfalme namna ya kulitiisha Bunge kikaonekana kimetoka chumbani humo. Charles I akaifunga maktaba, na Cotton akafa kabla hajarudishiwa.

Moto ulikuja baadaye, tarehe 23 Oktoba 1731, maktaba ikiwa kwenye nyumba ya Ashburnham House, Westminster. Miswada hiyo iliandikwa kwenye ngozi, na ngozi haiwaki upesi kama karatasi. Joto huikunja, kingo zikawa mkaa, kisha kila mkono unaofungua unamega herufi. Kwa hiyo Beowulf iliendelea kupungua zaidi ya miaka mia baada ya moto kuzimwa, hadi mwaka 1845 karatasi zake zilipotiwa kwenye fremu, moja moja. Dawa hiyo nayo ina kasoro: fremu zimefunika baadhi ya herufi za pembeni. Ukikwama hapo, tazama nakala mbili za msomi wa Iceland, Thorkelin, za miaka ya 1780, zilizoandikwa kingo zikiwa hazijamegeka kiasi hicho.

Baba yako